Kisa cha Canidrome: mbwa wa mbio walivyoingizwa Macau na walivyotolewa

Tarehe 21 Julai 2018 serikali ya Macau, eneo la China lililo jirani na Hong Kong, ilijikuta na mbwa 533 ambao haikuwaomba. Usiku uliotangulia, mkataba wa kampuni ya Yat Yuen, iliyokuwa ikiendesha mbio za mbwa kwenye uwanja wa Canidrome, ulikuwa umefika kikomo. Kampuni ilitakiwa iondoke na wanyama wake. Iliondoka, wanyama wakabaki mabandani. Walikuwa greihaundi, wengi wao wazaliwa wa Australia, zaidi ya kilomita 7,000 kutoka pale, na walifika wakiwa ndani ya makreti tumboni mwa ndege. Kufikia mapema mwaka 2019 walikuwa wameshatolewa kwa njia hiyohiyo ya kreti na ndege, safari hii wakielekea Italia, Ufaransa, Uingereza, Marekani na kwingineko.

Kisa hiki kimesimuliwa sana kama habari ya kamari na ukatili, na hakuna anayekisingizia. Mimi nakitazama kwa upande wa safari. Ni nadra kupata kundi la wanyama lililosafirishwa mara mbili chini ya kanuni zilezile za kreti, safari ya pili ikiwa ndefu kuliko ya kwanza, halafu ile ndefu ndiyo ikawa imepangwa kwa ajili ya mnyama mwenyewe. Ukitafuta sababu ndani ya ndege hutaipata. Iko kwenye mambo yaliyofanyika, au yaliyorukwa, kabla kreti haijafungwa, na kwenye jina la aliyesaini kupokea mzigo.

Uwanja uliokula mbwa

Canidrome ilifunguliwa mara ya kwanza mwaka 1931, ikafungwa baada ya miaka michache, ikafunguliwa tena mwaka 1963. Ilikaa katikati ya majengo ya makazi kwenye rasi ya Macau, sehemu yenye msongamano mkubwa wa watu. Mbwa wake walitoka nje. Kwa miaka mingi chanzo kikuu kilikuwa Australia, ambako greihaundi huzalishwa kwa maelfu kila mwaka na wengi hawafikii kasi inayotakiwa, au huipoteza mapema. Tume iliyoongozwa na jaji mstaafu Michael McHugh katika jimbo la New South Wales, iliyotoa ripoti yake mwaka 2016, ilikadiria kwamba katika miaka 12 mbwa kati ya 48,891 na 68,448 waliuawa jimboni humo kwa sababu hawakuonekana kufaa tena kwa mashindano. Kwa mwenye mbwa wa namna hiyo, mnunuzi wa Macau alikuwa njia ya kumwondoa mbwa zizini na bado kupata pesa.

Upande wa pili wa hesabu ulijulikana hadharani mwaka 2011, vyombo vya habari vya Hong Kong vilipochapisha kwamba mwaka 2010 peke yake mbwa 383 wa Canidrome waliuawa. Gawanya kwa miezi 12 upate zaidi ya 30 kwa mwezi. Uwanja hauwezi kuendelea na mbio kama nafasi za hao hazijazwi, kwa hiyo ilibidi mbwa wengine wa idadi inayokaribia hiyo waingie kila mwezi. Hapa ndipo msomaji wa kawaida wa kisa hiki hupita haraka. Usafirishaji haukuwa jambo la pembeni katika biashara hii. Ndio ulioiweka hai. Ndege moja ikikosa kuja, mwezi unaofuata mbio zinapungua.

Na kwa kuwa mbwa aliyeingia hakutarajiwa kutoka akiwa hai, hakuna mtu katika mnyororo ule aliyekuwa na sababu ya kifedha ya kumfikisha katika hali bora. Farasi wa mbio anayesafirishwa kwenda Dubai kwa ajili ya mashindano husindikizwa na mtunzaji, daktari yuko karibu, na kila kilo anayopoteza njiani huandikwa, kwa sababu anatarajiwa kurudi na kwa sababu ana thamani. Greihaundi wa daraja la chini aliyeuzwa Macau alikuwa na thamani ndogo, na tiketi ya kwenda tu.

Saa ishirini na kitu

Hebu tuipange safari yenyewe. Ninachoweka hapa ni hesabu ya kawaida ya shehena ya wanyama katika njia hiyo. Sisimulii safari ya mbwa fulani.

Mbwa anatolewa bandani mashambani New South Wales alfajiri, akiwa hajalishwa chakula kizito tangu jana yake. Saa mbili tatu za barabara hadi Sydney. Shehena ya wanyama hupokelewa saa kadhaa kabla ya ndege kuruka, hivyo kuna kusubiri ghalani: kupima kreti, kukagua hati, kubandika lebo. Kisha kupakiwa. Sydney hadi Hong Kong ni kama kilomita 7,400, takriban saa tisa angani. Hong Kong kuna kushusha, forodha, na kuhamishwa kwenda ng'ambo ya mlango wa Mto Pearl, kama kilomita 60 za maji, kisha ukaguzi wa Macau, kisha mabanda. Mambo yakienda vizuri, tangu mlango wa banda la kwanza hadi mlango wa banda la pili ni saa 20 hadi 24. Mambo yasipoenda vizuri, yaani ndege ikichelewa au hati ikikosewa herufi moja, ongeza unavyotaka.

Katika saa hizo zote hakuna binadamu anayeweza kumfikia mbwa wakati ndege iko angani. Kilichomo kwenye kreti ndicho alichonacho. Kopo la maji hufungwa mlangoni kwa namna ya kuwezesha kujazwa kutoka nje, lakini kreti ikiinamishwa na mashine ya kupakia, maji hayo yanaweza kumwagika kabla ndege haijawasha injini, na godoro likalowa.

Kwa kulinganisha, Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1 ya mwaka 2005 kuhusu kusafirisha wanyama inasema mbwa wapewe maji angalau kila baada ya saa nane na chakula angalau kila baada ya saa 24, na kuwe na maelekezo ya maandishi yaliyo wazi. Saa nane! Safari ya Sydney hadi Macau inapita kipimo hicho mara mbili na zaidi, na nafasi za kweli za kumnywesha mbwa ni mbili tu: ghalani kabla ya kupakiwa, na Hong Kong baada ya kushushwa. Zote mbili zinategemea mfanyakazi wa zamu awe amepewa kazi hiyo kwa maandishi na awe na muda wa kuifanya.

Mwili wa mnyama huyu

Greihaundi si mbwa wa kawaida aliyekonda. Misuli huchukua takriban asilimia 57 ya uzito wake, wakati wanyama wengi wanyonyeshao wako kwenye asilimia 40 hivi. Mafuta ni kidogo, ngozi nyembamba, manyoya mafupi. Misuli ile hutoa joto jingi kwa haraka, hata kwa wasiwasi na kutetemeka tu, bila kukimbia. Mafuta yale machache humwacha wazi kwa baridi. Kwa hiyo kipimo cha joto kinachomfaa ni kifinyu kuliko cha mbwa wengi, na humwelemea kutoka pande zote mbili katika safari moja: usiku wa Julai Sydney ni baridi ya nyuzi chini ya 10, na mchana wake Hong Kong ni nyuzi zaidi ya 30, hewa nzito ya unyevu.

Mbwa hatoi jasho la maana zaidi ya kwenye nyayo. Hujipoza kwa kutweta: ulimi nje, mdomo wazi, maji yakigeuka mvuke. Kutweta kunagharimu maji, na hewa ikiwa tayari imejaa unyevu mvuke hauondoki vizuri, basi anatweta zaidi na kupoza kidogo. Joto la mwili la kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39 na kitu. Likivuka 41 tunaanza kuzungumza habari za kiharusi cha joto, viungo vya ndani kuharibika, na kifo. Ndiyo maana kumfunga kizibo cha mdomo kinachobana akiwa ndani ya kreti, kama wafanyavyo baadhi ya watu kwa mbwa wa mbio ili wasiumane, ni kumnyima kifaa chake cha pekee cha kujipoza.

Watu hudhani hatari iko tumboni mwa ndege. Chumba kinachobeba wanyama katika ndege kubwa kina shinikizo la hewa na joto linalodhibitiwa, na rubani hujulishwa kwa maandishi kwamba kuna mzigo ulio hai. Sehemu mbaya zaidi ni lami ya uwanja wa ndege. Kreti inakaa juani kwenye toroli, injini za ndege ya jirani zinapuliza, na anayesubiriwa ni gari moja la kushusha ambalo liko upande mwingine. Dakika 40 za namna hiyo zinaweza kufanya kile ambacho saa tisa za angani hazikufanya.

Liko pia jambo linalofahamika kwa wakufunzi wa mbio lakini halisikiki sana nje ya mabanda. Greihaundi aliyepatwa na mshtuko wa safari au wa mbio anaweza kuingia katika hali ya kunywa maji bila kukoma na kukojoa bila kukoma, mkojo mweupe kama maji, huku uzito ukishuka siku hata siku. Anayemtazama kwa juu anaona mbwa anayekunywa vizuri na kuridhika. Kumbe mwili umeshindwa kushika maji. Wakufunzi wanaijua kwa sababu uzito wa mbwa wa mbio hupimwa kila anapokimbia, na kanuni za Uingereza na Australia hazimruhusu kukimbia ikiwa uzito wake umepanda au kushuka zaidi ya kilo moja tangu mbio zake za mwisho. Kipimo hicho kiliwekwa kulinda wacheza kamari. Kwa mtu wa ustawi wa wanyama, mizani hiyo ndiyo chombo cha bei rahisi kuliko vyote: pima kabla ya kupakia, pima baada ya kushusha, andika tofauti.

Dawa za kutuliza nazo. Kishawishi ni kikubwa, hasa kwa mbwa anayebweka. Chama cha kimataifa cha usafiri wa anga, IATA, hakishauri, kwa sababu dawa hizo hushusha shinikizo la damu na kuvuruga uwezo wa mwili kudhibiti joto, na mbwa aliyelewa akianguka vibaya ndani ya kreti hakuna wa kumweka sawa. Kwa greihaundi kuna nyongeza: ini lake huchakata baadhi ya dawa za usingizi polepole kuliko mbwa wa aina nyingine. Dozi iliyozoeleka kwa mbwa wa uzito uleule inaweza kumlaza kupita kiasi.

Kreti

Kanuni za IATA za wanyama hai hutumiwa na mashirika ya ndege duniani kote. Kreti inayopakiwa Jomo Kenyatta au Julius Nyerere hupimwa kwa kanuni hizohizo. Vipimo ni vinne. Cha kwanza ni urefu kutoka puani hadi shina la mkia, cha pili kimo kutoka chini hadi kiwiko, cha tatu upana wa mabega, cha nne kimo cha mbwa akiwa amesimama. Urefu wa kreti kwa ndani ni kipimo cha kwanza ukiongeza nusu ya cha pili. Upana ni cha tatu mara mbili. Kimo ni cha nne pamoja na unene wa matandiko.

Chukua mfano wa dume la kawaida: sentimita 105 kwa urefu, 40 hadi kiwiko, 22 mabegani, 88 kwa kimo. Kreti inatoka 125 kwa 44 kwa 88 na matandiko. Angalia ule upana. Greihaundi ana mabega membamba na mwili mrefu, na hesabu inayotumia mabega inampa korido. Sentimita 44 kwa mnyama wa zaidi ya mita moja! Kanuni zinadai pia kwamba mbwa aweze kusimama, kugeuka na kulala kwa mkao wake wa asili, na sharti hilo ndilo linalotakiwa kushika pale hesabu inapompunja. Greihaundi hulala kwa ubavu, miguu ameinyoosha. Anayetaka kuokoa gharama anasimama kwenye hesabu, maana shehena ya anga hutozwa pia kwa ujazo, na kila sentimita ya upana ni pesa. Mkaguzi wa ghalani akiwa na utepe wa kupimia na karatasi ya kanuni, ataona namba zimetimia na kugonga muhuri.

Sakafu isiyo na godoro humaliza kazi. Mifupa ya nyonga na viwiko vya mnyama huyu haina kinga ya mafuta, na saa 20 juu ya plastiki zinatosha kuchubua ngozi.

Kuna jambo moja linalowadanganya hata watu wazuri. Mbwa wa mbio amezoea kupakiwa. Tangu ujana huingia kwenye tela kila wiki kwenda uwanjani, na analala katika banda dogo. Ukimfungulia kreti anaingia mwenyewe, anajikunja, kimya. Mfanyakazi wa ghala anaona mnyama mtulivu na kwenda kushughulikia paka anayelia. Lakini tela la uwanjani humweka saa moja au mbili, na mwisho wake ni kukimbia na kula. Ukimya wake katika saa ya kumi na tano hauonyeshi chochote kuhusu hali yake. Lazima mtu atazame ufizi, apime joto, aone kama maji yamenyweka.

Nani angeweza kuzuia

Australia ilikuwa na vizuizi viwili. Cha kwanza ni cha serikali kuu: kibali cha kusafirisha mnyama nje na cheti cha afya. Hicho huuliza kama mbwa ni mzima na kama nchi inayompokea imetimiziwa masharti yake. Anakwenda kufanyiwa nini huko hakiulizi. Cha pili ni cha sekta yenyewe: pasi ya greihaundi inayotolewa na chama cha Greyhounds Australasia. Mwaka 2013 chama hicho kiliacha kutoa pasi za kwenda Macau. Ingetarajiwa mambo yaishie hapo. Hayakuishia, kwa sababu kibali cha serikali hakikutegemea pasi ya chama. Mwenye mbwa aliyekuwa tayari kuvunja kanuni za sekta aliweza kuwa na karatasi halali za serikali mkononi. Mwaka 2016 mamlaka ya mbio za greihaundi ya New South Wales iliwafungulia mashtaka ya kinidhamu watu 179 kwa madai ya kuhusika na usafirishaji wa mbwa nje bila pasi. Idadi hiyo haielezi watu wachache wakorofi. Inaeleza mlango uliokuwa wazi.

Kilichouma zaidi kilitoka kwa mbeba mzigo. Desemba 2015, baada ya televisheni ya ABC ya Australia kuonyesha yaliyokuwa yakitokea Canidrome, shirika la ndege la Qantas lilitangaza kwamba halitabeba tena greihaundi wa mbio kwenda Asia. Uamuzi huo haukuhitaji bunge, wala haukubishana kuhusu nani mwenye mamlaka. Uwanja unaohitaji mbwa wapya kila mwezi ukikosa nafasi kwenye ndege umekosa kila kitu, na haujalishi sheria inasemaje. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu yenye mafunzo mengi kwa watu wa shehena, ambao mara nyingi hujiona kama makarani wa maamuzi ya wengine.

Mnunuzi, bila shaka, hutafuta njia nyingine. Macho yaligeukia Ireland, nchi inayozalisha greihaundi wengi na ambayo tangu zamani huwavusha kwa magari na feri kwenda kukimbia Uingereza. Huko mjadala ulikuwa na historia: mwaka 2011 waziri wa kilimo Simon Coveney alikataa kuunga mkono mpango wa bodi ya greihaundi ya nchi yake wa kujihusisha na soko la China. Safari ya Ireland hadi Macau ni ndefu kuliko ya Sydney, na lazima uunganishe ndege. Kila kuunganisha ni lami nyingine.

Julai 2016 serikali ya Macau iliiambia Yat Yuen ihamishe uwanja au ifunge ndani ya miaka miwili. Miaka miwili ni muda wa kutosha kabisa kuacha kuleta mbwa wapya, kuhesabu waliopo, kuwachanja, kuwapimisha damu, na kuanza kuwatoa wakubwa kwanza. Shirika la ulinzi wa wanyama la ANIMA, chini ya Albano Martins, lilikuwa limepiga kelele kwa miaka na lilikuwa tayari kusaidia. Siku ya mwisho ilipofika mbwa walikuwa 533, na serikali ikaanza kuzungumzia faini chini ya sheria yake ya ulinzi wa wanyama ya mwaka 2016, inayokataza kutelekeza.

Kutoka

Sasa mbwa haohao walitakiwa kusafiri tena. Hong Kong hadi Italia ni zaidi ya kilomita 9,000. Hadi Los Angeles ni kama 11,600, saa 12 na zaidi angani bila kuhesabu ya nchi kavu. Wengine walikuwa wamezeeka, wengine na majeraha ya zamani ya mbio. Kwa kutazama ramani peke yake, hii ndiyo safari iliyopaswa kuogopwa.

Ila haikuwezekana kuwapakia kesho yake, na kilichozuia ni kichaa cha mbwa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya kwa mbwa anayetoka mahali pasipo kwenye orodha yake ya nchi zilizoruhusiwa ni kwamba achanjwe, asubiri angalau siku 30, atolewe damu, maabara iliyoidhinishwa ionyeshe kinga isiyopungua uniti 0.5 za kimataifa kwa mililita, kisha asubiri miezi mitatu tangu damu ilipotolewa. Ukianza na chanjo mwishoni mwa Julai, mbwa wa kwanza anaweza kuruka karibu na Desemba. Uingereza wakati huo ilikuwa bado ndani ya Umoja huo.

Ukiusoma kwenye karatasi, huo ni urasimu mtupu. Kwa mbwa hawa ulikuwa zawadi. Miezi hiyo ilitumika kufanya kila kitu ambacho safari ya kwanza ilikiruka: kumtambua kila mmoja kwa chipu yake, kutibu, kuhasi, kumwondoa kwenye mabanda ya uwanja na kumpeleka kituo cha muda Coloane, sehemu nyingine ya Macau, kumtembeza kwa kamba, kumpangia mtu wa kumpokea. Pet Levrieri, shirika la Italia la kuwatafutia greihaundi makazi, walichukua kundi kubwa, na Grey2K, shirika la Marekani linalopinga mbio za greihaundi, ilikuwa imefanya kampeni kwa miaka. Mbwa aliyepakiwa alikuwa na jina la mpokeaji halisi upande wa pili, mtu aliyekuwa akisubiri uwanja wa ndege akiwa na maji na blanketi.

Urasimu huo ukasogeza pia safari kutoka Julai hadi majira ya baridi ya Macau, wakati joto linashuka hadi nyuzi 15 au 20 na lami haichomi. Tatizo likahamia upande wa kushukia: mbwa mwembamba mwenye manyoya mafupi anafika Ulaya kukiwa na barafu. Hilo linatatuliwa kwa koti. Kiharusi cha joto hakitatuliwi kwa koti wala kwa kitu kingine chochote kinachopatikana ghalani.

Nikiziweka safari mbili pamoja, tofauti ninazoziona hazihusu kreti. Katika safari ya kwanza, aliyechagua mbwa gani asafiri alikuwa mwenye kutaka kumwondoa; katika ya pili, daktari alikuwa na uwezo wa kusema huyu bado. Katika ya kwanza tarehe iliamuliwa na ratiba ya mbio. Katika ya pili na maabara. Na mpokeaji wa kwanza alihitaji mbwa wa kujaza nafasi, ilhali wa pili alihitaji mbwa huyu. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonekana kwenye hati ya mzigo wa anga. Fomu inayotaka upana wa mabega kwa sentimita haina mstari unaouliza mnyama ataishi vipi baada ya kupokelewa, na sioni ugumu wa kuuongeza: madhumuni ya safari, leseni ya mpokeaji, na njia ya mnyama kutoka huko anakokwenda. Mashirika ya ndege tayari hukataa mizigo kwa kutazama madhumuni. Ndivyo mengi yalivyokataa nyara za uwindaji.

Swali hili halijaisha. Desemba 2024 serikali ya New Zealand ilitangaza kwamba itakomesha mbio za greihaundi katika kipindi cha miezi 20, mwisho wake Julai 2026. Mbwa waliokuwa kwenye sekta walitajwa kuwa kama 2,900, zaidi ya mara tano ya wale wa Canidrome, katika nchi ya visiwa yenye watu milioni tano hivi, na kuwapeleka baadhi yao ng'ambo ni njia ambayo lazima ifikiriwe. Huko kikwazo hakitakuwa maabara. New Zealand haina kichaa cha mbwa, Umoja wa Ulaya unaitambua kwenye orodha yake, na mbwa wake hahitaji kipimo cha damu wala miezi mitatu ya kusubiri. Kwa karatasi anaweza kuwa angani ndani ya wiki chache. Kwa hiyo muda wa kumtibu, kumzoesha na kumpangia mpokeaji hautaletwa na sheria kama ulivyoletwa Macau. Itabidi mtu autenge kwa makusudi, na autenge huku akihesabu nafasi za kreti kubwa katika ndege za masafa marefu na mwezi ambao lami ya uwanja wa kushukia inavumilika.